Kiti kwa Mgeni: Kutengeneza Benchi la Kwanza Nyumbani

SOMO LA FAMILIA

Masomo ya kusoma: 2 Wafalme 4:8-10, 2 Wafalme 8:1-6, Yeremia 29:4-7, Luka 14:28-30

Lengo la somo: Kila familia ijue kwa nini ni vema kuwa na mahali pa kuketisha mgeni, na iweze kutengeneza benchi moja la mbao kwa mikono yake yenyewe.



Nawaandikia ninyi mnaokaa hapa Kigali katika vyumba vya kupanga, na ninyi mlioko kambini mnaofikishiwa karatasi hii.

Mtashangaa kuona mchungaji anafundisha habari za misumari na msumeno. Nisikilizeni kwanza, kisha mtaona kwamba somo hili ni la Neno la Mungu tangu mwanzo hadi mwisho.

1. Aibu yangu

Tulipofika Kigali na kupata chumba, nilimwambia mama wa nyumbani kwangu: "Tusinunue kitu chochote kizito. Sisi ni watu wa safari." Tulikuwa tumeandikishwa, tukangoja kuitwa kwenda nchi ya tatu. Mwaka mmoja ukapita, ukaja wa pili, ikafika sita. Watoto waliandika masomo yao wakiwa wamelala kifudifudi sakafuni. Sisi wakubwa tulikalia mkeka na bidoni.

Kisha mama mkwe wangu akafa huko tulikotoka, na hatukuweza kwenda kumzika. Jirani yetu, bibi mmoja Mnyarwanda mwenye umri mkubwa, akaja kutufariji. Akasimama mlangoni akiangalia mahali pa kukaa. Hapakuwa na mahali. Mke wangu akageuza bidoni ya maji, akatandika kikwembe juu yake, na yule bibi akakaa hapo kwa taabu, magoti yake yakimuuma. Hakukaa muda mrefu. Alipoondoka, mke wangu alilia tena, na safari hii hakuwa akimlilia mama yake tu.

Siku hiyo nilielewa kwamba mtu asiye na kiti hawezi kumwambia mwenzake "karibu ukae." Mdomo utasema karibu, lakini nyumba itasema rudi.

2. Mama wa Shunemu

Katika 2 Wafalme sura ya 4 tunasoma habari za mwanamke wa Shunemu. Alimwona Elisha akipita mara kwa mara, akamwambia mumewe wamtengenezee chumba kidogo juu ya nyumba. Angalieni alichoweka ndani yake: kitanda, meza, kiti, na kinara cha taa. Ni vitu vinne tu. Biblia ingeweza kusema "akampokea vizuri" ikaishia hapo, lakini imevitaja vyombo kimoja kimoja. Kumpokea mtu si maneno peke yake. Kunahitaji mahali pa kulala, mahali pa kula, mahali pa kukaa, na mwanga.

Wengi wetu tunaijua sehemu hiyo. Lakini wangapi tumesoma mpaka sura ya 8? Huko tunamkuta mama yuleyule akikimbia njaa. Alihama na watu wa nyumba yake, akakaa miaka saba ugenini katika nchi ya Wafilisti. Aliporudi, ilimbidi aende kumlilia mfalme kwa ajili ya nyumba yake na shamba lake. Basi mama huyu ni mwenzetu. Alikuwa mwenyeji, akawa mkimbizi.

Sisi tulianza kama yeye. Kule Masisi, Rutshuru, Kalehe na Uvira tulikuwa wenyeji, tulikuwa na viti, na wageni walikuja. Sasa tumekuwa wageni kila mahali: kwa mwenye nyumba, kwenye ofisi, hospitalini, hata shuleni kwa watoto wetu. Hatari ya kuwa mgeni muda mrefu ni kwamba mtu anazoea kupokea tu. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nasema: naye akishashika kazi, na atengeneze kiti, ili siku moja na yeye amkaribishe mtu.

3. "Lakini tunaondoka karibuni"

Najua jibu hili, maana lilikuwa langu. Kambi ya Gihembe ilifunguliwa mwaka 1997 kama mahali pa muda. Ilifungwa mwaka 2021, na familia nyingi zikahamishiwa Mahama. Hesabuni wenyewe: miaka 24. Mtoto aliyezaliwa kambi ikifunguliwa alikuwa mtu mzima kambi ikifungwa.

Na Januari 2025, Marekani ilipousimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, nazijua familia zilizokuwa zimeshauza godoro na sufuria, zikabaki na masanduku. Siwacheki, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini tujifunze. Nabii Yeremia aliwaandikia waliochukuliwa mateka Babeli wajenge nyumba na kukaa humo, wapande bustani, na wautakie amani mji waliopelekwa. Hakuwaambia kwamba hawatarudi. Aliwaambia kurudi kupo, na wakati wa kungoja ni wakati wa kuishi.

Benchi halizuii safari. Siku ya kuondoka, benchi lako utamwachia jirani, naye atakukumbuka kila akilikalia.

4. Kaa chini uhesabu gharama

Bwana Yesu alisema katika Luka 14 kwamba mtu anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama, asije akaanza na kushindwa kumaliza. Fundi anayeanza afanye vivyo hivyo. Usianze na kabati wala kitanda. Anza na benchi la mbao tano: ubao mmoja wa kukalia, miguu miwili ya ubao, na mbavu mbili za kukaza. Fundi wa kwanza anaweza kulimaliza kwa Jumamosi mbili.

Vifaa: msumeno wa mkono, nyundo, mita ya kupimia, penseli, na karatasi ya msasa. Ukipata ekeri (ile pembe ya chuma ya kunyoosha kona) na keekee ya kutobolea, ni vizuri zaidi. Vifaa hivi usivinunue vyote. Ulizeni katika kikundi chenu cha maombi nani ana msumeno, nani ana nyundo. Familia nne zinaweza kutumia vifaa vya pamoja.

Mbao: ubao wa upana wa sentimita 25 na urefu wa mita 1, na ubao wa upana wa sentimita 20 na urefu wa mita 1.8. Unene wa zote uwe sentimita 2.5. Ukikosa ubao wa sentimita 25, weka mbao mbili nyembamba sambamba. Dukani utakuta mbao ndefu kuliko hizi, kwa hiyo majirani wawili wakinunua pamoja na kugawana, hakuna kinachopotea.

Hapa Kigali mahali pa mbao panapojulikana ni Gisozi, kwenye Agakiriro. Wengi bado wanapaita Gakinjiro, kwa jina la mahali pa zamani kati ya mji ambako mafundi walikuwa kabla ya kuhamishwa. Uliza bei kwa watu watatu kabla ya kutoa faranga zako. Omba pia wakupasulie ubao kwa mashine kabla hujaondoka, maana kupasua ubao kwa urefu kwa msumeno wa mkono ni kazi ngumu kwa anayeanza. Na waulize mafundi kwa adabu kuhusu vipande vilivyobaki. Kigoda cha mtoto kinaweza kutoka kwenye vipande hivyo.

5. Kuchagua ubao

Mkaratusi (inturusu) ni mti mgumu na wenye nguvu. Sisi wa Kivu tunaujua: chukudu za Goma zinazobeba magunia ya viazi na makaa hutengenezwa nao. Lakini ukiwa mbichi hupinda na kupasuka unapokauka, na msumari huupasua upesi. Msonobari (pinus) ni laini, unakatika kwa urahisi, na unamfaa anayeanza. Mbao za bei kubwa kama libuyu na muvula uwaachie mafundi wa makabati.

Ubao mbichi ndio adui wa kwanza. Mafundi wa zamani huhesabu karibu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila sentimita 2.5 za unene. Wewe huwezi kungoja mwaka, basi jifunze kuchagua. Inua mbao mbili za kipimo kimoja: iliyo nzito zaidi ina maji. Igusishe shavuni: mbichi ni ya baridi. Kisha shika ubao kwenye ncha, ulete karibu na jicho moja, uangalie ukingo wake kama unavyoangalia uzi. Ukiona umepinda au umejisokota, urudishe. Epuka ubao wenye kifundo kikubwa katikati, hapo ndipo utakapovunjika.

Mbao za paleti kuukuu zinafaa pia, lakini angalieni alama iliyochomwa juu yake. Herufi HT maana yake ilitibiwa kwa joto, haina shida. Herufi MB maana yake ilitiwa dawa ya sumu. Hiyo usiilete nyumbani, wala usiipikie.

Tena, ndugu zangu, msikate mti usio wenu. Hapa Rwanda kuvuna miti kunahitaji kibali. Ugomvi kati yetu na wenyeji umeanza mara nyingi kwa sababu ya kuni. Benchi la mti wa wizi halina baraka.

6. Hatua za kazi

Hatua ya kwanza: Pima na ukate. Ubao wa sentimita 25 ukate urefu wa mita 1. Huo ndio wa kukalia. Kwenye ubao wa sentimita 20, kata miguu miwili, kila mmoja urefu wa sentimita 42. Kipande kilichobaki kikate sentimita 90, kisha kipasuliwe katikati kwa urefu ili upate mbavu mbili za upana wa karibu sentimita 10. Pima mara mbili, ukate mara moja. Msumeno hauna neno la samahani.

Hatua ya pili: Hakikisha kona. Kona ya mguu isiponyooka, benchi litalala upande. Huna ekeri? Pima sentimita 15 upande mmoja wa kona na sentimita 20 upande wa pili, utie alama. Kati ya alama hizo mbili lazima pawe na sentimita 25 kamili. Ikizidi au ikipungua, kona si sawa.

Hatua ya tatu: Kata pembetatu chini ya kila mguu, upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 10. Hivyo kila ubao wa mguu utakuwa na nyayo mbili, na benchi litatulia hata kwenye sakafu ya udongo isiyo sawa.

Hatua ya nne: Funga mbavu. Simamisha miguu miwili. Weka ubavu mmoja kila upande, ukingo wake wa juu ukiwa sawa na juu ya miguu. Uso wa nje wa kila mguu uwe sentimita 5 kutoka mwisho wa ubavu. Paka gundi nyeupe ya mbao mahali vinapokutana, kisha piga misumari mitatu kila kiungo. Tumia misumari ya sentimita 6. Kanuni ni hii: msumari uwe na urefu wa mara mbili na nusu hivi wa ubao unaoupitia.

Ili ubao usipasuke, toboa kwanza tundu jembamba kuliko msumari. Kama huna keekee, gonga ncha ya msumari kidogo kwa nyundo ili ichakae kabla ya kuupigilia. Ncha kali hutenga nyuzi za mti na kuzipasua, ncha butu huzikata. Misumari isikae kwenye mstari mmoja, na uielekeze kwa kulala kidogo, mmoja huku na mwingine kule, ili isichomoke.

Hatua ya tano: Kabla gundi haijakauka, pima kwa juu kutoka kona moja mpaka kona iliyo mkabala nayo, kisha kona zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, umenyooka. Visipolingana, sukuma polepole upande mrefu mpaka vilingane.

Hatua ya sita: Weka ubao wa kukalia juu. Utapita mbavu kwa sentimita 5 kila mwisho. Paka gundi, piga misumari kwenye miguu na kwenye mbavu. Zamisha vichwa vya misumari kidogo visichane nguo za watu. Acha usiku mzima pasipo kukaliwa.

Hatua ya saba: Piga msasa kwa kufuata nyuzi za mti, usikatishe. Anza na msasa mkali, umalize na laini. Vunja makali ya kona zote, maana hapo ndipo watoto huumia. Ukipata vanishi, paka mara mbili. Usipake mafuta machafu ya gari mahali pa kukalia. Yanachafua nguo na si mazuri kwa ngozi.

7. Tujihadhari

Msumeno na misumari visiachwe mikononi mwa watoto wadogo, lakini wakubwa wafundisheni, wavulana na wasichana. Funika pua unapopiga msasa. Zoa unga wa mbao kila unapomaliza, na usiweke jiko la makaa karibu na unga huo wala karibu na vanishi. Agakiriro ya Gisozi imeungua zaidi ya mara moja, na mafundi waliopoteza mali yao katika moto wa mwaka 2021 wanaweza kutusimulia jinsi mbao na moto visivyokaa pamoja. Na kwa kuwa vyumba vyetu vimepakana, usigonge nyundo usiku. Tumia Jumamosi mchana, baada ya umuganda.

8. Benchi langu la kwanza

Baada ya siku ile ya yule bibi, nilinunua mbao. Sikumwuliza mtu yeyote. Nilipiga miguu minne chini ya ubao, msumari kutoka juu tu, bila mbavu. Kwa macho lilikuwa zuri. Siku ya maombi nyumbani kwetu nikamkaribisha mzee wa kanisa alikalie kwa heshima. Tulipofika katikati ya maombi, miguu yote minne ikalala upande mmoja na mzee akashuka pamoja nayo. Ashukuriwe Mungu, hakuumia. Akainuka, akasema "Amina," na watu wakacheka mpaka machozi.

Jioni yake alinirudia akiwa na msumeno mkononi. Alinionyesha kwamba hakuna mguu uliovunjika. Mbao zote zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni kitu cha kuziunganisha. Paulo anaandika katika Waefeso 4:16 kwamba mwili wote hushikamanishwa kwa msaada wa kila kiungo. Nilikuwa nimeuhubiri mstari huo mara nyingi, lakini benchi ndilo lililonifafanulia. Familia ya wakimbizi inaweza kuwa na watu wazima wenye nguvu, kila mmoja akihangaika peke yake mjini, ikaanguka siku inapobebeshwa mzigo. Tukae pamoja, tule pamoja, tusali pamoja. Hizo ndizo mbavu.

Kumbukeni pia Bwana wetu. Katika Marko 6:3 watu wa Nazareti walimwita seremala kwa dharau. Neno la Kigiriki lililotumika hapo, tektoni, ni fundi wa kujenga kwa mikono, hasa kwa mbao. Kabla hajahubiri mlimani, Mwokozi wetu alijulikana kijijini kwa kazi ya mikono. Naye alikuwa amekuwa mkimbizi Misri utotoni.

Yule bibi jirani alirudi mwaka uliofuata, mtoto wetu alipozaliwa. Alikaa kwenye benchi la pili, lile lenye mbavu. Alikaa mpaka chai ikaisha na jua likashuka. Alipotaka kuondoka, mke wangu akamwambia akae bado, naye akakaa.

9. Kazi ya mwezi huu

Benchi lenu la kwanza lisiuzwe. Likimalizika, mkaribisheni juu yake mtu mmoja asiye wa kabila lenu wala wa kanisa letu. Mpeni chai, au maji kama hakuna chai.

Maswali ya kujadili nyumbani:

1. Mama wa Shunemu aliweka vitu vinne. Katika chumba chetu, kipi kinakosekana ili mgeni akae kwa amani?

2. Ni jambo gani tumeliahirisha kwa kusema "tunaondoka karibuni"?

3. Ni nani amewahi kutuketisha tulipokuwa hatuna pa kukaa? Tumemshukuru?

4. Nani katika familia yetu anaweza kufundishwa kushika msumeno mwezi huu?

Sala: Bwana Yesu, wewe uliyeshika mbao kwa mikono yako, ibariki mikono yetu. Utupe subira ya kungoja na nguvu ya kufanya kazi tukingoja. Nyumba zetu ndogo zisikose mahali pa mgeni, wala pa wewe. Amina.

Ndugu yenu katika kazi ya Bwana,
Mchungaji